Siku Mama Alipotoka Kortini

Mimi niliolewa na mwanamke. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo wanaziba vinywa wasicheke, na mmoja aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama ni kweli. Nikamjibu, kamuulize nyanya yako baba yako alipatikanaje. Kwetu Wakurya jambo hili lina jina, nyumba ntobhu, na lina sababu yake. Mjane asiye na mtoto wa kiume huchukua ng'ombe wa mahari ya binti yake, akaoa msichana kwa ng'ombe hao, na watoto wa msichana yule wanakuwa watoto wa nyumba ya mjane. Wanaitwa kwa jina la marehemu mumewe, wanarithi shamba lake, na siku akifa wanamzika. Hakuna ajabu hapo, na aliye na ajabu yake akae nayo.

Mwanamke aliyenioa nilimwita mama. Alikuwa mrefu, mkavu, mpenda ugoro, na maneno yake hayakuwa mengi. Nilifika kwake Kemambo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kumi na sita hivi, nalia kwa sababu wenzangu niliokua nao walikuwa wameolewa na vijana. Alinikalisha jikoni, akanipa uji wa wimbi, akaniambia, "Lia umalize, mwanangu. Mimi ni mume mzuri. Sijui kupiga." Nikacheka na kamasi puani. Katika maisha yangu nimeishi na watu wengi, na sijapata tena mtu wa kunitendea wema kama yule.

Mwanamume aliyenizalisha alichaguliwa na mama kutoka kwenye ukoo, akaja, akaenda zake, hana neno katika habari hii. Nilizaa mtoto wa kiume. Siku ile mama alitoka nje na kibuyu cha maziwa, akacheza peke yake uani, mtu mzima na viungo vyake vinavyouma, mpaka majirani wakaja kutazama. Alimpa mtoto jina la mumewe. Jioni moja baadaye alikaa naye mlangoni akimwonyesha shamba, hapa ni pako, pale ni pako, mpaka kwenye ule mti, na mtoto ana siku nne tu duniani.

Sasa, marehemu mume wa mama alikuwa na mdogo wake. Huyu ndiye tuliyemwita shemeji. Ndugu yake alipokufa alitaka kumrithi mama pamoja na shamba, mama akakataa, akamwambia nyumba yake haina njaa ya mwanamume. Shemeji alimeza neno lile. Alingoja hadi mtoto akatembea, akaona kweli nyumba imepata mwenyewe. Ndipo akaenda kwenye baraza la chifu akasema wale ng'ombe walionioa walikuwa wake, mama aliwaazima tu kwake, kwa hiyo mke ni wake, na mtoto ni wake.

Uongo mtupu! Ng'ombe wale waliletwa na mkwe wa mama, mume wa binti yake, mtu aliyehamia ng'ambo ya Mto Mara upande wa Natta kutafuta malisho. Waliingia zizini kwa mama leo, kesho yake wakaswagwa kwenda kwa baba yangu. Kila mtu aliwaona. Lakini aliyeweza kusema ng'ombe mmoja mmoja katoka wapi alikuwa yule mkwe, basi akaitwa.

Hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililotumaliza. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai mahali pamoja. Hawatazamani, hawasalimiani ana kwa ana, wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Ni haya kubwa, sisi tunaiita insoni, na mtu anayeivunja amejivua nguo mbele ya watu. Pale kwenye baraza la chifu wazee walijua la kufanya. Mama alisema maneno yake, kisha mzee mmoja akakohoa, watu wakanyamaza, mama akainuka akaenda kukaa nyuma ya ghala. Mkwe akaingia, akaeleza. Penye swali, mzee alikwenda nyuma ya ghala kumuuliza mama na kurudi na jibu lake. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Mama akajua basi, korti ndivyo ilivyo.

Pamoja na adabu yote ile tulishindwa. Wazee wale walikuwa wanywaji wenzake shemeji, chungu kimoja, mirija pamoja, na kesi ya nyani ukimpelekea ngedere utegemee nini? Walisema ng'ombe ni wa ukoo na mkubwa wa ukoo ni yeye. Lakini karani wa chifu, aliyekuwa kijana wa huruma, alimnong'oneza mama wakati tunaondoka: ipo rufaa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, pale Tarime, usiache siku zipite.

Tukaanza kutafuta mtu wa kutusaidia. Mama alikwenda kwanza kwa katekista, kwa sababu alijua kuandika na alikuwa mtu wa dini. Katekista alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja mikono. Akamwambia, "Mama, mimi siwezi kuweka kalamu yangu kwenye ndoa ya mwanamke na mwanamke. Kanisa haliijui." Mama akamuuliza, "Na mtoto je, kanisa linamjua?" Katekista akasema angemwombea. Tulirudi nyumbani na hayo maombi.

Wakili? Tulisikia wapo Mwanza. Hata hivyo sheria ya wakati ule haikumruhusu wakili kusimama katika kesi zetu za mabarazani, wala kwenye rufaa zake kwa Bwana Shauri. Sisi tulitakiwa tujisemee wenyewe, tusiojua kusoma, mbele ya watu waliosoma. Mpaka leo nikifikiri hilo damu inanichemka.

Mwisho tukampata mwandishi wa barua pale Tarime, mzee mmoja aliyekaa na mashine yake ya kupiga chapa kwenye baraza ya duka la Mhindi. Tulimpelekea jogoo. Simlaumu mzee yule. Aliuliza vizuri, akaandika vizuri, akatusomea, na mama akatikisa kichwa kukubali kila mstari. Aliandika habari za ng'ombe, za mahari, za jina la mtoto. Habari ya mama kutokaa chumba kimoja na shahidi wake hakuiandika, kwa sababu hatukumwambia. Tungemwambia vipi? Nani anamweleza mtu kwamba jua linatokea mashariki?

Mwaka juzi walikuja vijana kijijini, wanajiita wasaidizi wa kisheria, wamevaa fulana zinazofanana. Walitukusanya shuleni, wakasema msaada ni bure, mwenye shida ya shamba au mirathi au mtoto aseme. Binti mmoja akapiga magoti karibu yangu. "Shikamoo bibi. Wewe huna swali?" Nikamwambia, "Marahaba. Ninalo, ila umechelewa miaka sitini." Akacheka, alidhani namtania. Nilimtazama kwa wivu ambao nauonea aibu. Tulihitaji mtu mmoja tu kama yule, mchafu wa vumbi hivyo hivyo, akae na mama nusu saa amuulize: utaingiaje, utakaa wapi, shahidi akija utafanya nini?

Siku moja kabla ya kesi tulitoka Kemambo jua halijachomoza, mimi nimembeba mtoto mgongoni, tukapanda ile milima hadi Turwa, tukalala kwa shangazi yangu. Asubuhi yake mama alijipaka mafuta, akajifunga shuka jipya aliloazima. Njiani hadi bomani alikuwa anarudia rangi za ng'ombe kimoyomoyo, naona midomo yake inacheza. Nilimwambia, "Mama, utasahau nini wewe, uliyewapokea mwenyewe zizini?" Akasema, "Naogopa ulimi, mwanangu. Ulimi wa mtu maskini huteleza mbele ya wakubwa."

Chumba kilikuwa na meza, viti, dirisha la nondo na mlango mmoja. Mlango mmoja tu. Bwana Shauri alikaa mbele, pembeni yake mkalimani, mgeni wa wilaya nyingine aliyejifunza Kikurya chake sokoni. Shemeji alikuja na wazee wawili wa kwetu, wamevaa makoti. Mimi nilikalishwa kwenye benchi la nyuma, mtoto amelala mgongoni.

Mama alisema vizuri. Sikupata kumsikia akisema vile kabla wala baada. Hakuteleza hata mara moja, na nilimwona Bwana Shauri akiandika haraka, akiinua kichwa, akiuliza, akiandika tena. Niliona uso wa shemeji umeanza kuvimba. Nikasema moyoni, leo tunarudi na mtoto wetu. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi mapema.

Kisha Bwana Shauri akasema shahidi aitwe. Tarishi akatoka nje hadi barazani akaita. Mkwe wa mama alikuwa nje, amevuka mto uliojaa, miguu yake bado ina tope. Lakini hakuingia. Alisimama akiwa amegeukia ukuta. Tarishi akaita mara ya pili, akaanza kufoka. Mkwe hakusogea hata hatua, na sisi wa kwetu wote mle ndani tulijua kwa nini. Mama alisubiri mzee akohoe. Hakuna aliyekohoa. Alitazama wale wazee wawili wa makoti, nao wakatazama miguu yao.

Basi mama akafanya alivyojua ni sawa. Alivuta shuka akajifunika kichwa na uso, akainuka, akatoka. Hakuomba ruhusa, nani alimwambia ruhusa inaombwa? Kule nje mkwe alibandika uso ukutani hadi mama alipopita, na ndipo akaingia.

Bwana Shauri akauliza, "Anakwenda wapi yule?" Mkalimani akasema hajui. Wakadhani labda anakwenda kujisaidia, wakaendelea. Mkwe akaeleza ng'ombe wote, yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, yule mweusi wa tumbo jeupe, ndama wake, wote, sawasawa na alivyosema mama. Bwana Shauri alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Kisha akasema mwenye rufaa arudi, amuulize shahidi wake kama ana swali, na aseme kama anayakubali maneno yake.

Tarishi akaenda kuita. Mama alikuwa amekaa nyuma ya jengo, amefunika kichwa, anangoja mtu aje amletee swali na aondoke na jibu. Tarishi akamwambia njoo. Akasema yeye yuko, waulize, atajibu kutokea pale. Tarishi akarudi akasema, "Amekataa kuja." Akaitwa mara ya pili. Akaitwa mara ya tatu. Bwana Shauri akamuuliza mkwe, "Umemwona mama mkwe wako alikokwenda?" Mkwe akainamisha kichwa, akajibu kweli tupu ya mtu mwenye adabu. "Sikumwona."

Nikainuka. Wanaonijua wanajua mdomo wangu, mimi sinyamazishwi na mtu, nimegombana na madiwani na mapadri. Lakini siku ile nilikuwa msichana, na Kiswahili changu kilikuwa cha dukani, chumvi, sabuni, kiberiti. Nilisema kwa Kikurya, "Hawezi kuingia, mkwe wake yumo." Sauti ilitoka ndogo, imekauka. Tarishi akanishika bega. "Wewe siye mwenye kesi. Kaa!" Mkalimani hakunigeukia hata kidogo. Mtoto akaamka akaanza kulia, nikahangaika naye, na nikakaa. Jamani, nilikaa. Ningepiga yowe, ningejitupa chini, wangenifunga jela lakini wangeuliza kwa nini yule msichana amepiga yowe. Nilikaa nikambembeleza mtoto.

Bwana Shauri akamgeukia shemeji. "Huyu mama ni mgonjwa?" Alimuuliza mtu aliyezaliwa Kemambo, aliyeoa binti za watu, ambaye mwenyewe hajapata kumtazama mama mkwe wake usoni. Shemeji akasimama, akavua kofia. "Bwana, mwanamke akiona anashindwa hukimbia."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Tulipewa karatasi. Mama aliikunja akaiweka kifuani, akaniuliza njia nzima hadi kwenye duka la Mhindi kama nadhani ni nzuri. Mimi nilikuwa nalia tu. Mwandishi wa barua akavaa miwani, akaisoma kimya, akaivua miwani, akaivaa tena. Akasoma kwa sauti: mwenye rufaa aliiacha kesi yake akaondoka, akaitwa mara tatu hakurudi, rufaa inafutwa, hukumu ya baraza inabaki.

Mama akasema, "Niliondoka ili asikilizwe."

Mzee yule akapiga paji la uso kwa kiganja. "Mama yangu, mbona hukuniambia? Ningeandika mstari mmoja tu! Ningeomba mkwe asikilizwe siku nyingine, au akae dirishani!" Mama alimtazama kwa mshangao, kweli hakuelewa ni nini alichotakiwa kusema ambacho watu hawakijui. Mwandishi akasema bado ipo rufaa ya juu zaidi, Mwanza. Mama akafikiri. Akamuuliza, "Hiyo nyumba ya Mwanza ina milango mingapi?" Mzee hakujua. Mama akashukuru, akainuka, tukaanza kurudi.

Shemeji hakungoja siku nyingi. Alikuja na wale wazee wake na karatasi yake, akamchukua mtoto mkononi. Nilikuwa na njia mbili. Ningerudi kwa baba, ambaye alikwisha watumia ng'ombe kumwozea kaka yangu na hakuwa na wa kurudisha. Au ningemfuata mwanangu. Nikamfuata. Nikawa mke wa tatu wa mtu niliyemchukia, na yeye kupiga alijua. Boma lake lilikuwa karibu na la mama kiasi cha kusikia akikohoa. Mtoto alikatazwa kwenda kule. Alipokwenda alichapwa, na mimi nilichapwa, mpaka akaacha kwenda, na baadaye akasahau kwamba aliwahi kwenda.

Mama aliendelea kulima peke yake hadi nguvu zikaisha. Tukikutana kisimani alinisaidia kujitwika mtungi, akaniuliza, "Anakula?" Namjibu, "Anakula, mama." Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana, angenitemea mate, ningejua pa kuweka ule uchungu. Nilikwenda kujifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima misheni kwa hasira ya karatasi ile tu, na nilipoweza kuisoma mwenyewe mama alikuwa amekwisha lala kitandani, hawezi kuinuka.

Mama alikufa mtoto akiwa na miaka saba hivi, miaka ya hamsini inaelekea ukingoni. Watu hawakuwa wengi. Binti yake alilia sana. Mkwe alikuja kutoka ng'ambo ya mto, akasimama mbali, nje ya uzio, ametugeuzia mgongo hata kwa maiti. Kaburi lilipokuwa tayari, mzee aliyeongoza mazishi akauliza kama mila inavyotaka, "Mtoto wa nyumba hii yuko wapi? Aje atupe udongo wa kwanza."

Mzee akauliza tena. Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu, jina lile lile la mume wa mama, masikio yake yametoka nje, anapepesa macho kutafuta huyo mtoto anayeitwa. Niliweka mkono mgongoni mwake nimsukume. Akageuka, akanitazama juu, akaninong'oneza, "Mama, aliyekufa ni nani kwetu?"

Shemeji alikuwa upande wa pili wa kaburi, anatutazama. Nilibaki na ile sauti ya kortini tu, kavu, ndogo. Nikaurudisha mkono.

"Jirani," nikamwambia.